Kamba inayoelea: mwongozo wa kuushika mkononi mpangilio wa molekuli

Maji ya bamvua yakitoka, kina mama wa mwani hushuka pwani na mizigo ya kamba begani. Ukiwauliza ni kamba gani hiyo, wengi watakwambia ni ya nailoni, na mwenye duka naye ataiuza kwa jina hilohilo. Kata kipande cha urefu wa kidole, kitie kwenye ndoo ya maji ya bahari, kikamue humohumo chini ya maji mpaka mapovu yaishe, kisha kiachie. Kitapanda juu. Nailoni ya kweli huzama, kwa sababu densiti yake ni kama gramu 1.14 kwa sentimita moja ya ujazo, na ya maji ya bahari ni 1.03 hivi. Kilichoelea mbele yako ni polipropilini, yenye densiti ya 0.90 hadi 0.91. Ndiyo plastiki iliyofumiwa polo la mchele, na ndiyo iliyomiminwa viti vingi vya barazani.

Nasomesha kemia skuli ya sekondari hapa Pemba. Kila mwaka tukifika kwenye polima, yaani molekuli zilizo minyororo mirefu, wanafunzi huandika fomula, huikariri, na hubaki wanaamini kwamba ukishaijua fomula umeshakijua kitu chenyewe. Polipropilini inakataa. Atomu ni zilezile, hesabu ni ileile, zimeungana kwa mfuatano uleule. Ikipangwa namna moja inatoa kamba ya kuvutia dau, ikipangwa namna nyingine inatoa kitu laini cha kunata mfano wa ulimbo wa fenesi. Kinachotenganisha viwili hivyo ni mkono mmoja mdogo unaotazama huku au kule. Elimu ya mielekeo hiyo ndiyo stereokemia, na nimeona kwa macho yangu kwamba mwanafunzi haielewi kwa kusomewa ubaoni. Anaielewa akiishika.

Hatua ya 1: Kusanya vitu

Chukua fagio kuukuu la chelewa, papai bichi moja, na ndimu changa kumi na mbili zilizoanguka chini ya mti. Tafuta na kioo cha kujitazamia, rababendi nene, kipande cha muhogo mbichi, pamba nyeupe, na chupa ndogo ya dawa ya aidini ya kusafishia vidonda. Mafuta ya nazi yawe kikombe kimoja, ya maji, yasiwe yaliyoganda. Kwa plastiki, kata vipande vidogo vya kamba ya mwani na vya dumu la mafuta ya kupikia.

Hakuna hatua hata moja hapa inayotaka kuchoma plastiki. Wako wanaozitambua plastiki kwa kunusa moshi wake. Usifanye hivyo, na watoto wasifanye. Moshi wa baadhi yake ni sumu.

Hatua ya 2: Jua mkono ni nini

Kata papai kipande kimoja cha ukubwa wa kete ya bao. Hicho ni kaboni. Kaboni ina mikono minne, na mikono hiyo haikulala bapa kama mkeka. Imetawanyika pande zote, kila mmoja umejitenga na mwenzake kadiri unavyoweza. Choma chelewa nne kwa mtindo huo. Kwenye ncha tia vitu vinne tofauti: ndimu, jani, karafuu, na ncha ya nne uiache tupu.

Sasa weka kioo mbele yake, na ukitazame kilichomo kiooni ukitengeneze kwa papai la pili. Jaribu kuvilinganisha viwili hivyo, kila kitu kikae juu ya mwenzake. Vigeuze, vipindue, vizungushe utakavyo. Havilingani, kama kiatu cha kulia kisivyoingia mguu wa kushoto. Ili kimoja kiwe kama kingine, lazima uchomoe chelewa mbili na kuzibadilisha mahali. Katika kemia, kuchomoa maana yake ni kuvunja kifungo.

Naomba usiiruke hatua hii. Wanafunzi wangu wote wanaokwama mbele huwa wamekwama hapa: wanadhani molekuli ikipashwa moto na kutikiswa vya kutosha itajinyoosha na kujipanga yenyewe. Kuzunguka kwenye chelewa inaweza. Kubadilisha mkono haiwezi.

Hatua ya 3: Jenga mnyororo

Kata vipande kumi na viwili vya papai, uviunge kwa vijiti vifupi vya chelewa, umbo la kwenda zigizaga. Pembe ya kila kona iwe pana kidogo kuliko pembe ya mraba. Huo ni uti wa polipropilini. Kwenye kila kaboni ya pili choma chelewa yenye ndimu. Ndimu inasimama badala ya kundi la methili, yaani kaboni moja na haidrojeni tatu. Haidrojeni nyingine zote ziache, zitakujazia mkono bure.

Mnyororo umelala mezani. Kila ndimu ina njia mbili tu: ikutazame wewe, au itazame ukutani.

Kwanza ziweke zote zikutazame wewe. Mpangilio huu unaitwa isotaktiki. Halafu zipishanishe, moja huku, moja kule, mpaka mwisho. Huo ni sindiotaktiki. Mara ya tatu rusha sarafu kwa kila ndimu, ikianguka upande wa picha iweke huku, upande mwingine iweke kule. Huo usio na taratibu ni ataktiki. Maneno haya yametoka Kigiriki, na inasimuliwa kwamba aliyeyabuni ni Rosita Beati, mke wa mkemia wa Italia Giulio Natta. Nalipenda jambo hilo: mume alikuwa na kitu kipya maabara, mke akakipa jina linalokaa mdomoni.

Kwenye ule mpangilio wa kwanza utaona taabu. Ndimu zikiwa upande mmoja zote zinagombana, hazipati nafasi. Shika ncha mbili za mnyororo, uzungushe vifungo kidogokidogo mpaka kila ndimu ipumue. Mnyororo utajisokota wenyewe kama kamba, na vipande vitatu vyenye ndimu vitatimiza mzunguko mmoja. Ndivyo polipropilini ya isotaktiki inavyokaa ndani ya fuwele zake: imejisokota, duru moja kwa kila monoma tatu, yaani vipande vitatu vinavyojirudia mnyororoni. Hili halikubuniwa kwa ajili ya kufundishia. Lilionekana kwa eksirei katika miaka ya 1950.

Hatua ya 4: Pakia

Hapa ndipo siri ilipo, kwa hiyo usiharakishe.

Kwa ndimu sita zilizobaki jenga mnyororo wa pili kama ule wa kwanza, upate miwili yenye ndimu sita sita, yote miwili ya isotaktiki. Ilaze pamoja ikigusana. Utaona msokoto wa mmoja unaingia kwenye mabonde ya mwingine, kama chelewa zilizofungwa vizuri katika fagio. Kisha igeuze yote miwili iwe ya ataktiki, kila mmoja kwa kura yake ya sarafu, na ujaribu tena. Ndimu moja inasukuma hapa, pengo linabaki pale. Ukibana upande huu, ule unafunuka. Huwezi kuilaza.

Minyororo inayolala pamoja inatengeneza fuwele. Fuwele ndizo zinazoipa plastiki ugumu, nguvu ya kuvutwa, na kiwango cha kuyeyuka kinachojulikana. Polipropilini ya isotaktiki huyeyuka karibu na nyuzi 165 za Selsiasi, ndiyo maana kikombe chake kinapokea chai ya moto bila kulegea. Ya sindiotaktiki huyeyuka chini ya hapo, karibu na 130. Ya ataktiki haina kiwango cha kuyeyuka hata kidogo, kwa sababu hakuna fuwele za kuyeyusha. Kwenye joto la kawaida la hapa kwetu ni laini na inanata mikononi. Kazi inayo, lakini si ya kamba. Huchanganywa kwenye gundi zinazopakwa zikiwa moto, na kwenye lami ya kuezekea paa bapa.

Kabla ya miaka ya 1950 viwanda havikujua namna ya kuamrisha mikono hiyo itazame wapi. Mjerumani Karl Ziegler mwaka 1953 aligundua vichocheo, yaani vitu vya kuendeshea mmenyuko, vyenye madini ya titani na alumini kwa ajili ya kutengeneza polithini. Mwaka uliofuata Natta, huko Milano, alitumia vichocheo vya jamii hiyo kwa propilini, ile monoma ya polipropilini, na akapata unga mgumu wa fuwele mahali ambapo wengine walikuwa wakipata mafuta mazito. Kichocheo kina nafasi yenye umbo maalumu, na monoma haiwezi kuingia isipokuwa imegeuka upande mmoja, kama ufunguo na kufuli. Wote wawili walipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1963.

Polistirini, ile ya vikombe vyepesi vya kutupa, inaonyesha jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Ya kawaida ni ataktiki: inang'aa, inapitisha mwanga, inalegea karibu na nyuzi 100. Ya sindiotaktiki, iliyopatikana Japani miaka ya 1980, haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 270. Fomula ni moja.

Hatua ya 5: Jaribio la mafuta ya nazi

Dumu na kamba vyote viwili vinaelea kwenye maji, kwa hiyo maji hayatoshi kuvitenganisha. Tia vipande vyake kwenye mafuta ya nazi ya maji, uvisugue kwa kijiti mapovu yatoke. Kipande cha dumu, ambacho ni polithini nzito yenye densiti ya 0.94 na zaidi, kitazama. Cha kamba kitapanda polepole, kwa sababu mafuta ya nazi yana densiti ya 0.92 hivi. Kamba ikiwa imetiwa rangi nyingi au chokaa ya kujazia, jibu linaweza kukupotosha; rudia kwa kamba nyingine.

Polithini haina ndimu. Kila kaboni yake ina haidrojeni mbili zinazofanana, kwa hiyo huko na huko ni sawasawa, na habari ya isotaktiki na ataktiki haiihusu. Nyepesi na nzito zinatofautiana kwa matawi ya mnyororo, si kwa mikono. Nalisema hili kwa sababu hata vitabu vya kiada huvichanganya.

Hatua ya 6: Mpira unaopanda ukipashwa moto

Twende kwenye aina nyingine ya mwelekeo. Katika mpira wa asili, ule utomvu unaogemwa kwenye mashamba ya Mtambwe huku Pemba na Kichwele kule Unguja, uti wa mnyororo una vifungo maradufu. Kifungo maradufu hakizunguki. Mnyororo ukiingia na kutoka kwa upande mmoja wa kifungo hicho, unapata kona, na kona zikifuatana mnyororo hauwezi kunyooka na kulala na wenzake. Unabaki umejikunja ovyo, na ukiuvuta unanyooka, ukiuachia unarudi. Hiyo ndiyo tabia ya mpira.

Ning'iniza rababendi kwenye msumari, ufunge kopo la mchanga chini mpaka ivutike kama mara mbili ya urefu wake. Weka alama ukutani pale kopo lilipofika. Sasa mwagia rababendi maji ya moto, taratibu. Vitu vingi ukivipasha moto hurefuka. Huu utafupika na kopo litapanda. Joto linaizidishia minyororo mtikisiko, na mtikisiko unaurudisha mkunjo. Darasa langu hunyamaza kimya kila mara linapofika hapa, na mimi mwenyewe sijachoka kulitazama kopo lile likipanda.

Chukua fomula hiyohiyo ya mpira, lakini mnyororo uingie upande mmoja wa kifungo maradufu na kutokea upande wa pili. Unapata mnyororo ulionyooka zaidi, unaolala na wenzake, na kitu kigumu kama ngozi kavu kwenye joto la kawaida. Ndiyo gataparcha, utomvu wa miti ya Malaya. Haivutiki kama mpira, ila ukiitia kwenye maji ya nyuzi 60 na zaidi inalainika, unaifinyanga, ikipoa inashika umbo. Haipitishi umeme na hailiwi na maji ya chumvi. Waya wa simu za maandishi uliolazwa chini ya bahari mwaka 1879, kutoka Aden kupitia Zanzibar kwenda mpaka Durban, ulifunikwa kwa gataparcha. Mpira wa kawaida usingeifanya kazi hiyo. Madaktari wa meno mpaka leo hujazia mzizi wa jino kwa gataparcha.

Hatua ya 7: Muhogo na pamba

Tone moja la aidini kwenye muhogo uliokatwa: buluu iliyokoza mpaka nyeusi. Tone moja kwenye pamba iliyoloweshwa: inabaki kahawia.

Muhogo umejaa wanga, pamba ni selulosi tupu, na vyote viwili ni minyororo ya glukosi. Sukari ni ileile moja. Kwenye wanga, kiungo cha sukari moja na nyingine kinatazama chini. Kwenye selulosi kinatazama pembeni, na kila sukari inakaa imepinduliwa kulinganisha na jirani yake. Kwa kiungo chake kinachotazama chini, mnyororo wa wanga unajiviringa kama ond ya konokono, na aidini inaingia ndani ya ond na kuleta ile buluu. Maji nayo yanaingia, ndiyo maana muhogo unaiva na uji unakuwa mzito. Mnyororo wa selulosi umenyooka kama mstari, unashikana na wenzake ubavu kwa ubavu, na hauna nafasi ya kuingiza aidini wala maji ya kutosha kuulainisha. Chemsha pamba siku nzima, haitokuwa uji.

Nyuzi za makumbi nazo zina selulosi, pamoja na lignini, ambayo inazikinga zisioze upesi. Kina mama hufukia makumbi kwenye tope la pwani kwa miezi, bakteria wakala kile kinachozigandisha nyuzi, kisha huyatwanga na kusokota kamba. Mitepe ya zamani ilishonwa kwa kamba hizo bila msumari hata mmoja. Bahari ikala kilichokuwa laini, ikaiacha selulosi. Kama kiungo kile cha sukari kingetazama upande mwingine, kumbi lingekuwa chakula na mtepe ungefumuka.

Kidogo juu ya mwani wenyewe

Kilimo cha mwani kimeshika Zanzibar tangu mwaka 1989, na aina mbili ndizo zilizolimwa sana, spinosum na kotonii. Kotonii huuzwa bei nzuri zaidi lakini haistahimili maji yakipata joto, ndiyo maana wengi wamebaki na spinosum. Zote zina karajinani, mnyororo wa sukari iitwayo galaktosi. Kiwandani mwani huchemshwa na maji ya alikali. Alikali inaondoa baadhi ya makundi ya salfati, daraja dogo linajengeka ndani ya sukari, na pete ya sukari hiyo inapinduka, kama kiti cha kukunja kinavyogeuzwa mgongo. Baada ya kupinduka mnyororo unaweza kujisokota na wenzake, na jeli inakaza. Ya kotonii, yenye salfati chache, hukaza sana na kukatika. Ya spinosum hubaki laini, inayocheza ikiguswa. Ningependa kila msichana anayefunga mwani baada ya masomo alijue hili, kwa kuwa bei anayosikia pwani ina mkono wake humu ndani ya molekuli.

Hatua ya 8: Kikombe cha "kuoza"

Mahoteli mengi sasa hutoa vikombe na mirija iliyoandikwa kwamba imetokana na mahindi au miwa. Mara nyingi ni asidi ya polilaktiki. Asidi laktiki ina mkono wa kulia na wa kushoto kama lile papai la kioo. Ukijenga mnyororo kwa mkono mmoja tu, unapata plastiki ya fuwele inayoyeyuka karibu na nyuzi 175. Ukiichanganya mikono ovyo, fuwele hazijengeki. Na ukichanganya minyororo mizima ya kulia na mizima ya kushoto, inakumbatiana kuliko ilivyokumbatiana yenyewe kwa yenyewe, na kuyeyuka kunapanda mpaka 220 na zaidi.

Mimina chai ya moto kwenye kikombe cha aina hii kinachopitisha mwanga, ukiwa umekiweka ndani ya bakuli ili usiungue. Kitanywea, kwa sababu hakina fuwele za kutosha na hulegea karibu na nyuzi 60. Tena usikitupe pwani kwa kuamini neno "kuoza". Kinahitaji joto la kama nyuzi 60 la mtambo wa mboji ili kioze kwa muda wa maana. Bahari yetu haifiki huko.

Hatua ya 9: Kabla ya kununua na baada ya kununua kamba

Niliwahi kumnunulia mama yangu kamba iliyopakwa rangi nzuri, na kabla ya msimu kwisha ikawa inatoka unga mikononi. Chanzo kiko palepale penye ndimu. Kaboni inayobeba methili ina haidrojeni moja tu iliyobaki, na haidrojeni hiyo imeshikwa kwa udhaifu kuliko nyingine za mnyororo. Jua na oksijeni huanzia hapo kuung'oa. Mahali panapoipa kamba nguvu ndipo panapoliwa kwanza.

Ikunje kamba mara mbili, uibane kwa nguvu, uinyooshe tena. Ikiacha mstari mweupe tu, bado ina uhai. Ikitoa vinyweleo au unga, usiirudishe majini, maana unga huo unabaki baharini kama vipande vidogo vya plastiki. Unaponunua, muulize mwenye duka kama kamba imetiwa dawa ya kuhimili jua, na uangalie kama ilikuwa imetundikwa nje juani. Nyumbani, kamba isiyokuwa kazini ioshe chumvi, ikauke kivulini, uiweke ndani ya polo. Polo nalo ni polipropilini, kwa hiyo liweke ndani, lisibaki uani.